Sinia Moja, Nyembe Tatu

Mwenzangu wa Watamu ni mwizi wa viazi. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu yeye mwenyewe hakatai, na kwa sababu mambo yote ya mwaka ule yanaanzia hapo. Tulikuwa watatu katika chumba kimoja cha hosteli mjini Kilifi, wote tukisomea uuguzi, na jioni tulikuwa tukila katika sinia moja. Kila mtu na upande wake. Hilo aliyelelewa pwani analijua kabla hajajua kusoma. Nyama hukaa katikati ikagawanywa, na chakula kilicho mbele yako ni chako. Yeye angekula upande wake kwa adabu zote, kisha ukigeuka tu kuchukua maji, kiazi chako hakipo. Ukimtazama, anatafuna huku akiangalia dirishani.

Wa tatu wetu alitoka Mariakani, binti wa kanisani, mpole wa maneno na mkali wa pilipili. Ramadhani ilipoingia alitangaza kwamba naye atafunga, ila atafunga nusu: mchana atakula kama kawaida na magharibi atafuturu nasi. Tulimcheka, lakini ndiye aliyetupikia. Mimi ni mtu wa Malindi, na kama nina sifa moja inayojulikana na wote, ni hasira. Mama husema nilizaliwa nikilalamika na sijamaliza bado.

Ramadhani hiyo ndipo tulipopimwa homa ya ini aina ya B. Tulikuwa karibu kuanza zamu za wodini, na mwalimu wetu wa mafunzo ya vitendo, mama wa Kigiriama aliyefanya kazi hospitalini miaka mingi kabla ya kushika chaki, alikataa katakata kumpeleka mtu kwa wagonjwa kabla hajapimwa na kuanza chanjo.

"Mwataka kuwalinda watu, na nyinyi wenyewe hamjijui," alituambia.

Darasani palikuwa na minong'ono. Wengine walidhani sindano walizochomwa utotoni zimemaliza kila kitu. Wengine, na hawa walikuwa wamefaulu mtihani wa somo hilohilo, waliendelea kuamini moyoni kwamba mwenye homa ya ini huonekana: macho ya manjano, tumbo limevimba, hoi kitandani. Mimi macho yangu yalikuwa meupe na nilikuwa sijaugua hata mafua mwaka mzima. Nilinyoosha kidole nichomwe huku nikimtania aliyenifuata kwenye foleni.

Habari zangu nilipewa katika chumba cha mazoezi, mwalimu ameketi kwenye kigoda na mimi nimesimama kando ya lile sanamu tunalojifunzia kufunga vidonda. Halikuwa na mkono mmoja. Nakumbuka nililitazama hilo bega lake lisilo na mkono muda wote alipokuwa akinieleza kwamba kipimo kimeonyesha virusi vimo mwilini mwangu, kwamba damu yangu itapelekwa hospitali kuhakikisha, na kwamba baada ya hapo nitakuwa nikienda kliniki kuangaliwa ini. Watu wengi huishi nayo mpaka uzeeni, alisema. Dawa za kuituliza zipo, kama daktari ataona zinahitajika.

"Nitafukuzwa?" nikamuuliza.

"Kwa kosa gani? Utavaa glavu kama wenzako, utafuata kliniki, utakuwa muuguzi."

Nikamuuliza nimeipata wapi. Akasema huenda ni wakati wa kuzaliwa, huenda ni wembe, huenda ni sindano ya zamani, na kwamba kulitafuta jibu hilo kutanichosha bure. Akanikumbusha njia zake kwa kuzihesabu vidoleni kama tulivyozikariri: damu, kujamiiana, mama kwa mtoto, vitu vyenye makali. Akanikumbusha na zisizo njia: kushikana mkono, kukumbatiana, kula pamoja. Nilitikisa kichwa kama mtu anayesikia mambo ya mtu mwingine.

Jambo moja nililifanya siku hiyohiyo. Bafuni kwetu palikuwa na bilauri juu ya sinki, na ndani ya bilauri mlikuwa na wembe wa nyusi, ule mdogo wenye mpini wa plastiki wa rangi ya waridi. Ulikuwa wa chumba. Aliyetaka kutengeneza nyusi aliuchukua, akautumia, akausuuza, akaurudisha. Niliuchukua kwa kitambaa, nikarudi nao chuoni na kuutia katika lile boksi la manjano la vitu vyenye ncha. Nikajinunulia wangu, nikauweka mkobani, na sikumwambia mtu. Nilikuwa na mengi ya kusema jioni hiyo na wembe haukuwa wa kwanza.

Kwa maana niliwaambia. Mwalimu alikuwa ameniachia hiari, lakini mimi mdomo wangu haukai na siri, hasa yangu mwenyewe. Niliwaambia wakati tukimenya vitunguu, kwa hiyo sijui machozi yapi yalikuwa ya nini. Binti wa Watamu alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Binti wa Mariakani aliomba kwa sauti, kwa dini yake, na mimi nikaitika amina. Nililala siku hiyo nikijiona mwenye bahati ya wenzangu.

Kesho yake, adhana ya magharibi ilipolia na tende zikaisha, sinia likaletwa, na kando yake ikawekwa sahani. Mpya, ya bati, yenye maua ya buluu ukingoni, bado ina gundi ya karatasi ya dukani. Pilau yangu ilikuwa imeshapakuliwa humo, imepambwa vizuri kuliko ile ya sinia. Kijiko pia kilikuwa kipya.

"Hii yako," alisema binti wa Watamu, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Ule kwa nafasi."

Nilielewa mara moja, na nilielewa pia kwamba hakunuia ubaya. Kwetu mgonjwa hutengewa chombo chake. Bibi yake alimtengea babu kikombe na kijiko alipokuwa na kifua kikuu, na watu walimsifu kwa utunzaji. Yeye alifanya alichokiona kwao. Lakini tulikuwa wanafunzi wa uuguzi, tumeandika kwa kalamu zetu wenyewe kwamba ugonjwa huu hauendi kwa chakula, na hapa ndipo hasira yangu, iliyokuwa tayari kwa kila kitu kidogo, ilipokosa njia. Niliichukua ile sahani nikala. Pilau ilikuwa tamu. Niliumia vibaya sana.

Ramadhani ikaendelea hivyo. Hakuna aliyenisema vibaya, hakuna aliyenikimbia. Tulisoma pamoja, tulicheka, tulifua nguo pamoja. Magharibi tu ndipo nilipokaa ncha ya mkeka na sahani yangu mapajani, wenzangu wameinama kwenye sinia, vichwa vyao vikikaribiana. Viazi vyangu vilikuwa salama. Nilivila vyote, kimoja baada ya kingine, na sikupata kuchukia kiazi kama mwezi ule.

Simu ilipopigwa kutoka nyumbani nilimwambia mama yote, ugonjwa na sahani. Ugonjwa aliusikiliza kimya. Sahani ndiyo iliyompandisha mori.

"Wakutenga? Wao ni nani?" Nilisikia akiweka sufuria chini kwa kishindo. "Rudi nyumbani. Cherehani ipo, mimi nipo. Wallahi hukuzaliwa kula ncha ya mkeka."

Nilimkatalia siku hiyo. Lakini neno lile lilibaki nami, na kila magharibi lilinenepa. Nilianza kujiuliza: kama hawa wanaonipenda wamenipa sahani, wauguzi wa wodini watanipa nini? Wagonjwa je, siku watakapojua? Wiki ya mwisho ya mfungo nilikuwa nimekata shauri. Ningekwenda Malindi kula Idd na nisirudi. Sikumwaga mtu. Nilitoa tu sare yangu nyeupe kabatini nikamwambia binti wa Mariakani kwamba itamtosha, aichukue, mimi imenibana. Aliipokea, akaishika kwa mikono miwili, akanitazama muda mrefu.

"Haijakubana," alisema.

Nilifunga kabati.

Tukiwa bado katika hali hiyo, binti wa Watamu akatoka bafuni ameshika bilauri tupu. Sikukuu ilikuwa imekaribia, hina ilikuwa imeshanunuliwa, na kilichobaki kilikuwa nyusi.

"Wembe wetu uko wapi?"

"Nimeutupa."

"Umeutupa? Mbona umeutupa, na Idd ndiyo hii?" Akaweka mkono kiunoni. "Sikiza dadangu. Najua una kinyongo na sisi, tangu mwanzo wa mwezi watununia. Lakini hata wembe? Hebu nipe basi huo wako wa kwenye mkoba, nitausafisha nikurudishie."

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata njia. Sidhani kama nimewahi kupiga kelele vile maishani, nami ni mtu wa kelele. Nilimuuliza kama ana akili timamu. Nilimwambia kwamba sahani yangu anaiogopa na wembe wangu anautaka. Kwamba mwezi mzima amenikimbiza kwenye sinia ambako hakuna chochote cha kumdhuru, na sasa ananyoosha mkono kuomba kitu kimoja katika chumba kizima ambacho angepaswa kukikimbia. Nilimwambia yule wembe wa waridi niliutupa siku ileile niliyopewa majibu, si kwa kinyongo, bali kwa sababu tuliutumia sote watatu tangu mwaka wa kwanza na nilikuwa nalala nikiwaza nyusi zao.

Alibaki amesimama na bilauri mkononi. Kisha akaketi kitandani kwangu, taratibu, akagusa nyusi yake moja kwa kidole, pale penye kovu dogo alilojikata muhula uliopita. Binti wa Mariakani naye alikuwa amegusa yake. Nilitamani nifurahi kwamba nimewaweza, lakini niliwaonea huruma, na nilijionea huruma mwenyewe, na nikalia.

Asubuhi binti wa Watamu alitutangulia kwa mwalimu. Alimweleza habari za wembe bila kujificha. Mwalimu alisema wao vipimo vyao vilikuwa safi na chanjo wameshaanza, watarudia kupimwa baada ya miezi kadhaa, na wasiache sindano zilizobaki. Hakuwagombeza. Alitutazama tu sote watatu, mmoja mmoja, akasema kesho kutwa kulikuwa na zamu ya kuzungumza na kina mama katika zahanati moja ya upande wa Kikambala, na kwamba alikuwa hajampata mtu wa kuzungumza. Sasa amepata.

Ndivyo tulivyojikuta barazani mwa zahanati ile, mbele ya mabenchi ya wanawake wajawazito na wenye watoto wachanga. Binti wa Watamu alikuwa wa kuzungumza. Binti wa Mariakani alikuwa wa kufasiri Kigiriama kwa waliokipenda zaidi. Mimi nilipewa kushika bango lenye picha ya ini, na nililishika kama mlango, nikijificha nyuma yake nusu.

Alizungumza vizuri, siwezi kumnyima. Aliwaambia wakati wa mimba waombe kupimwa, kwa kuwa mama akijulikana mapema mtoto anaweza kukingwa. Aliwaambia wasitumie wembe wa mtu, na alipofika hapo kidole chake kilikwenda kwenye nyusi yake. Kisha akasema ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kushikana mikono.

Mwanamke mmoja wa benchi la mbele, leso yake ya kijani na mtoto mgongoni, akainua mkono.

"Muuguzi, samahani. Wifi yangu amepatikana na hiyo. Tangu siku hiyo ala jikoni peke yake. Mimi ndiye nimpelekeaye chakula. Sasa wasema haiendi kwa chakula." Alikuwa hana ubishi, alikuwa anataka kujua. "Wewe mwenyewe, haki ya Mungu, ungeketi naye sinia moja?"

Binti wa Mariakani alianza kulifasiri swali kwa kina mama wa nyuma, na akaishia katikati. Mimi nilitazama sakafu. Nilijua jibu la kitabuni, kila mtu pale barazani alikuwa amelisikia sasa hivi. Nilikuwa nangoja aliseme kwa sauti ile ya mtihani, na nilijua kwamba akilisema hivyo nitaweka bango chini, nitatoka, na sitangoja hata Idd.

Mtoto mmoja akaanza kulia, akanyamazishwa.

"Mimi sikuketi naye," alisema. "Nina mwenzangu anayo. Rafiki yangu. Nilikwenda dukani nikamnunulia sahani yake, na nilijiona nimemfanyia wema. Nilikuwa nimesoma kama nilivyowasomea nyinyi hivi leo, na bado nilimnunulia." Akajifuta uso kwa mkono wa sare. "Nilikosea, mama. Kabla ya hapo nilikula naye sinia moja tangu mwaka wa kwanza na hakuna siku aliyonidhuru. Nenda ukamwite wifi yako."

Hakunitazama, wala hakunitaja, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Binti wa Mariakani alifasiri yote, neno kwa neno, huku akilia waziwazi, na mwishoni akaongeza lake kwa Kigiriama ambalo lilinipita isipokuwa neno moja, mwenehu, yaani ndugu yetu. Yule mwanamke wa leso ya kijani aliguna, akamweka mtoto sawa mgongoni.

"Basi wifi ataniona leo," alisema. "Maana hata mimi nimechoka kubeba sahani."

Kina mama wakacheka, na kicheko kile kilitusaidia sote. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi kwa kushika bango.

Jioni nilichelewa makusudi msikitini, na niliporudi chumbani futari ilikuwa tayari. Mkeka ulikuwa umetandikwa, sinia katikati, pilau ya viazi. Niliitafuta sahani yangu yenye maua ya buluu. Ilikuwa imejaa tende, na juu ya kabati, penye kioo, palikuwa na nyembe tatu za nyusi, mpya, hazijafunguliwa: wa kijani, wa njano na wa zambarau.

"Sinia moja, nyembe tatu," alisema binti wa Watamu. Alikuwa ananiogopa, niliona, na sijazoea kumwona akiniogopa. "Wa zambarau ni wako. Mtu akiugusa wa mwenzake nitamkata vidole."

Binti wa Mariakani alikuwa ameitundika sare yangu nyeupe nyuma ya mlango, imepigwa pasi.

Niliketi. Nilinawa. Upande wangu wa sinia ulikuwa umepangwa kana kwamba anangojwa mgeni wa heshima, na viazi, nadhani vyote vya sufuria, vilikuwa mbele yangu. Walikula kwa adabu ya kupita kiasi, kila mmoja akichota punje mbili tatu za ukingoni kwake, macho yameinama. Mwezi mzima nilikuwa nimekitamani kikao hiki, na sasa nilikuwa nimekaa ndani yake na bado mimi ni mgeni. Pilau haikushuka. Nikageuka kuchukua maji.

Nilipogeuka tena, kiazi kikubwa hakipo.

Alikuwa anatafuna, shavu limejaa, anaangalia dirishani.

Idd nilikwenda Malindi nikala na mama, na nilirudi. Mama naye alipimwa baadaye, kwa shingo upande, akapatikana nayo. Hajambo, anakwenda kliniki yake, na malalamiko yake yote ni ya foleni. Wenzangu walipimwa tena na wakatoka salama. Sasa sote watatu ni wauguzi, kila mmoja na wodi yake, na yule wa Watamu hufundisha wanafunzi wapya habari za homa ya ini, na huanza kila mara kwa kuwauliza wembe wa nyusi wa hosteli yao unakaa wapi.

Lakini jioni ile sikujua lolote kati ya hayo. Nilijua tu kwamba kiazi changu kimeibiwa, katikati ya upande wangu, na mkono uliochovya pale ulikuwa haujasita. Nilimpiga kofi la mkononi, kwa nguvu, kama zamani.

"Mwizi wewe," nikamwambia, na nikamsukumia kingine.